Hakuna Tone Sakafuni

Katika gereji yetu kila gari hulala juu ya boksi. Jioni, kabla ya kufunga geti, tunakunjua boksi kubwa la karatasi ngumu, upande mweupe juu, tunalisukuma chini ya injini. Asubuhi Mzee wa Pipa hulivuta nje, huvaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, na kulisoma kama mtu asomaye barua ya posa. Doa jeusi ni oili ya injini. Jekundu ni ya giaboksi. La kijani ni maji ya rejeta. Boksi likiwa safi, huchora alama ya chaki kwenye tairi la mbele, na gari hilo ni zima. Kwa miaka kumi na tisa alama ile haikuwahi kusema uongo.

Mimi ndiye niliyeifundisha uongo.

Shangazi alifika Jumanne saa tano asubuhi, akasimamisha gari katikati ya uwanja, akabaki ameketi ndani, mikono kwenye usukani. Ni dada wa baba yangu. Alinilea tangu nina miaka sita, na huniita Baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Kazi yake ni kupeleka damu. Mara tatu kwa wiki huchukua kasha la baridi kutoka benki ya damu mjini na kulipandisha hospitali iliyo juu ya mlima, kona kumi na moja, ukuta wa mwamba upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Madereva wa malori humwita Mama Kona, na wanapomwita hivyo hawamtanii.

Niliegemea dirisha. "Shangazi, umeamua kuhamia humo?"

"Baba, gari lako limeniaibisha."

"Limefanya nini?"

"Nilikuwa nalipita lori, kona ya nne. Nimefika ubavuni mwake, gari likalegea. Nakanyaga mafuta, linanitazama tu. Na mbele basi linashuka." Akainua mkono mmoja kutoka kwenye usukani, nikaona unatetemeka. Sikuwahi kuuona mkono ule ukitetemeka, hata siku tuliyomzika baba. "Dereva wa lori alinihurumia akakanyaga breki. Leo niko hai kwa huruma ya mtu nisiyemjua. Sitaki tena kuhurumiwa."

Nilijua tatizo kabla ya kufungua boneti. Gari lake lina turbo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa nyingi. Hewa ikisukumwa hivyo hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Ndiyo maana kuna intakula, kifaa cha kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Ya Shangazi ilikuwa imekaa juu ya injini, ikichomwa na joto lile lile ililotakiwa kuliondoa. Mlimani, nyuma ya malori yanayotambaa, ilikuwa inachemka kama sufuria.

"Ibadilishwe," nikasema.

"Iwekwe ya upepo," akasema Mzee wa Pipa nyuma yangu.

Mzee ndiye mwenye gereji. Jina hilo alilipata kwa pipa la maji lililoko pembeni ya uwanja. Chochote kilichochomelewa sharti kizamishwe humo, kipulizwe hewa, na yeye ainame kutazama kama mapovu yatatoka. Hajali umechomelea wewe au amechomelea malaika.

"Intakula kubwa ya upepo," akaendelea, "nyuma ya bampa la mbele. Gari likitembea, upepo unapita, hewa inapoa. Haina pampu, haina waya."

"Gari likitembea," nikamjibu. "Mlimani halitembei, Mzee, linatambaa. Upepo gani utapita kwa mwendo wa mtu anayekwenda msalani? Halafu paipu zake ni ndefu, hewa izunguke hadi mbele na kurudi. Shangazi akikanyaga leo, nguvu ije kesho. Hapa inatakiwa ya maji. Ndogo, inakaa karibu na injini, paipu fupi, akikanyaga inaitika. Ina pampu yake, tangi lake, rejeta yake ndogo mbele. Maji yanabeba joto hata gari likiwa limesimama."

Fundi wa matairi, ambaye hana kazi yoyote isiyomruhusu kusikiliza, akacheka. "Profesa anataka kulinywesha gari. Kesho utalipikia na uji."

"Wewe baki na upepo wako," nikamwambia.

Mzee hakucheka. Aliweka kidole kwenye injini, akakiondoa upesi kwa joto. "Hewa ikivuja, inapiga filimbi. Kiziwi tu ndiye hataisikia. Maji hayana sauti."

"Yakivuja si tutayaona kwenye boksi?"

Nilikuwa nimemkamata kwa kamba yake mwenyewe. Nikaona vema nikaze fundo. Nikasema mbele yao wote, "Likidondoka tone moja sakafuni, tone moja tu, navua ovaroli hii nakwenda kuuza vocha."

Shangazi alikuwa ameshuka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mnagombania chuma. Kitakachokaa kwenye kona ya nne ni kichwa changu." Kisha akaniuliza mimi, taratibu, "Baba, ungekuwa unaliendesha wewe, ungeweka ipi?"

"Ya maji."

"Basi weka ya maji."

Nataka ieleweke kwamba sikuchagua kwa ujinga. Hata leo, mtu akinipa mlima ule na malori yale, nitasema maji.

Intakula yenyewe niliipata kwenye yadi ya vyuma chakavu, imetolewa kwenye gari lililogongwa nyuma, ya alumini, nzito kama tofali. Midomo yake haikulingana na paipu zetu, nikaikata na kuchomelea mingine. Alumini si chuma cha kila fundi. Ukizembea kidogo inayeyuka yote na kukudondokea miguuni. Mimi nilijifunza peke yangu, kwa vipande vya sufuria, mwaka mzima. Mchomeleo ule ulitoka mzuri, magamba madogo yaliyolaliana sawasawa kama ya samaki. Niliupitisha kidole zaidi ya mara moja.

"Ilete kwenye pipa," akasema Mzee.

"Nimeshaipima."

"Wapi?"

Nilikuwa nimeijaza maji, nimeiziba, nimeiweka juu ya boksi jeupe siku mbili. Nikamletea boksi. Lilikuwa safi kama karatasi ya mtihani wa mtoto mvivu. Aliligeuza mara mbili, akaliinua kwenye mwanga. Ningeweza kuizamisha intakula ile kwenye pipa kwa dakika tano. Lakini pipa lilikuwa lake, na mchomeleo ulikuwa wangu.

"Boksi ni boksi," akasema mwishowe, akaenda zake.

Siku ya kwanza Shangazi alipanda mlima, aliporudi alipiga honi kuanzia kwa muuza mkaa hadi getini. "Baba, nimelipita lori, nikalipita na la mbele yake, nikatamani litokee la tatu. Limepanda kama limechokozwa na nyuki." Fundi wa matairi alinipigia saluti. Mzee alichora chaki kwenye tairi. Nilitembea siku ile kama niliyeubuni mlima wenyewe.

Siku ya nne maji yalipungua.

Gari lilikuwa likilala gereji, maana nyumbani hatuna pa kuliweka. Nilifika mapema, nikafungua tangi dogo la intakula, nikakuta maji yameshuka vidole viwili. Nikainama chini ya gari. Boksi jeupe, kavu. Nikapapasa kila mpira, kila kiungo. Vikavu. Mfumo mpya huwa na hewa iliyojificha, nikajiambia, na hewa ikitoka maji hushuka. Hilo ni kweli, fundi yeyote atakwambia. Nikachota maji kwa kopo la maziwa, nikajaza.

Siku ya sita yalishuka tena. Siku ya nane yalishuka vidole vitatu, na nilipofungua kifuniko kilitoa pumzi, fyuu, kama mtu aliyeshikiliwa pua muda mrefu. Boksi kavu. Injini ilipowaka ilitoa moshi mweupe mzito, ukakaa chini bila kupanda, kisha ukakatika. Asubuhi zilikuwa za baridi. Kila gari hutoa mvuke asubuhi za baridi.

Nilianza kufika kabla ya Mzee. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshajaza, nimefunga boneti, nimelificha kopo nyuma ya pipa. Mzee alikuja, akavuta boksi, akasoma, akachora chaki. Shangazi alitazama chaki, akaingia, akaondoka. Na kila siku niliposikia gari likikata kona ya kwa muuza mkaa, nilichungulia nyuma ya pipa kuona kama kopo bado limefichika.

Maji yalikuwa yakienda wapi? Swali hilo sikulikwepa kwa kutojua jibu. Injini ina njia mbili tu kwa maji yale, nje sakafuni, au ndani pamoja na hewa inayopozwa, na nje kulikuwa kukavu. Nililijua jibu kama mtu anavyojua kuna nyoka chumbani na bado hataki kuwasha taa. Lakini kulisema kungekuwa ni kusimama mbele ya pipa, na fundi wa matairi pembeni, niseme Mzee, zamisha.

Jumapili jioni tulikuwa tunakula, mimi na Shangazi, redio inaongea peke yake. Akasema, "Leo gari lilikohoa."

"Likakohoa vipi?"

"Nilikwenda kumjulia hali mgonjwa mmoja mjini. Kuliwasha ili nirudi, likashikwa. Ko. Kama mtu aliyegonga na nyundo mara moja. Halafu likawaka, likaenda vizuri tu. Ila linatikisika kidogo likisimama."

Mkono wangu ulisimama karibu na mdomo.

"Kuna kitu natakiwa kujua, Baba?"

Aliuliza bila ukali, akijisogezea bakuli. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa, ili akalale.

"Hakuna, Shangazi. Ni plagi. Nitaziangalia wiki hii."

"Haya," akasema. Alilala fofofo usiku ule. Nilimsikia akikoroma.

Jumatatu nilijaza kopo la saba. Chaki ikachorwa. Shangazi akaondoka saa moja kwenda benki ya damu, ambako kila mara hungoja muda wa saa mbili kasha likipangwa, gari limesimama juani, injini ya moto.

Saa tatu hivi Mzee alikwenda nyuma ya pipa kuchukua brashi yake. Akarudi ameshika kopo.

"La nani hili?"

Akaliinamisha, matone mawili yakaangukia kiganja chake. Akatazama mahali ambapo gari la Shangazi lilikuwa limelala, boksi bado limeegemezwa ukutani. Akaenda kulishika. Alisimama pale, kopo mkono huu, boksi mkono huu.

"Kopo limelowa," akasema, "na boksi limekauka."

Fundi wa matairi aliacha kupiga nyundo.

"Mwanangu. Maji yako wapi?"

Hakunihitaji kusema. Uso wake ulibadilika polepole, na sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa wake wakati unaelewa.

"Mpigie."

Nikapiga. Ikaita hadi mwisho. Nikapiga tena. Shangazi akiwa kwenye usukani hapokei simu, hata angepiga rais. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikapiga benki ya damu, mlinzi akasema, "Mama ameondoka robo saa iliyopita. Gari lilimgomea kidogo kuwaka, likashtuka hivi, halafu likawaka. Tukamsindikiza kwa makofi."

Fundi wa matairi alikuwa ameshawasha pikipiki yake, nikarukia nyuma.

Njiani nilihesabu. Maji yakiingia kwenye silinda hayaminyiki kama hewa. Pistoni inapanda, inayakuta, na kitu lazima kikubali. Injini ikiwa inazungushwa na stata tu, ile mota ya kuiwashia, mkono wa chuma unaobeba pistoni hupinda kidogo, kiasi cha kukohoa. Kisha unaendelea kufanya kazi ukiwa umepinda. Unasubiri siku ya kubebeshwa mzigo mkubwa. Na mzigo mkubwa kuliko wote ni kulipita lori mlimani. Kwa maneno mengine, ni kufanya kile kile nilichomwahidi kwamba sasa anaweza kukifanya.

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, barabara ilikuwa wazi. Kabla ya kona ya nne malori yalikuwa yamesimama, mkia mrefu, injini zimezimwa. Madereva walikuwa wameshuka na hakuna aliyekuwa anazungumza kwa sauti.

Gari lilikuwa limeingia kinyumenyume kwenye ukuta wa mwamba. Chini yake oili ilikuwa imeenea nyeusi hadi katikati ya barabara, na juu ya lami kulikuwa na kipande cha ule mkono wa pistoni, urefu wa kiganja. Nilikiokota. Kilikuwa bado cha moto.

"Alikuwa ubavuni mwangu kabisa," dereva wa lori la mbele aliniambia. Alikuwa mzee, na alikuwa ameshika kofia yake. "Nikasikia mlio, nikadhani tairi langu. Gari likasimama kama limeshikwa na mkono. Kisha likaanza kurudi nyuma. Angeweza kuliacha liende upande ule." Akaonyesha kwa kidevu upande usio na kitu. "Alilikata, akalipigisha ukutani. Mwenyewe. Nilimwona akigeuza shingo."

"Yuko wapi?"

"Gari la hospitali limemchukua. Mguu wa kushoto haukutaka kutoka. Alikuwa anaongea. Alisema lichukuliwe kasha kwanza."

Jioni ile hawakuturuhusu kumwona. Gari lilivutwa hadi gereji, na Mzee, kwa mazoea au kwa makusudi, alikunjua boksi jipya na kulisukuma chini yake. Kisha akafungua paipu iliyotoka kwenye intakula kwenda kwenye injini, akaiinamisha. Maji yakamwagika. Hayakuwa matone, yalikuwa mkondo, yenye utando wa oili. Boksi jeupe likageuka kijivu na kulegea.

Nilianza kufungua vifungo vya ovaroli.

"Acha," akasema bila kunitazama.

Aliwasha moto chini ya pipa. Nilidhani anataka kunidhalilisha, nikasubiri watu wakusanyike, lakini alikuwa amemwambia fundi wa matairi afunge geti. Maji yalipokuwa ya moto kiasi cha kutovumilika na mkono, akazamisha intakula kwa koleo, akaipuliza hewa. Tukainama wote wawili. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kutoka ndani, pale mchomeleo wangu ulipokutana na alumini ya zamani, chini ya yale magamba mazuri, ukatoka mstari wa mapovu, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Ikipoa, ufa unajifunga," Mzee akasema. "Kwenye boksi lako ilikuwa imepoa."

"Ungeizamisha wewe ungeuona?"

Alifikiri. "Mimi huzamisha kwa maji baridi. Huenda nisingeuona." Akazima moto kwa mguu. "Na maji hayakuwa kosa. Mlima ule unataka maji. Nilikuja kukubali siku ya pili, sikukwambia tu."

Afadhali angenipiga. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yake.

"Funga vifungo," akasema. "Ukivua hiyo, nani atakwenda kumwambia?"

Nilikwenda Jumatano. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na chake kilikuwa dirishani. Mguu wake ulikuwa umefungwa kuanzia pajani, umeinuliwa kwa kamba na uzito. Daktari alikuwa ameshaniambia nje kwamba goti hilo halitakunjika tena. Nikafikiria klachi, inayokanyagwa kwa mguu huo huo wa kushoto. Yeye alikuwa ameshafikiria kabla yangu, nililiona machoni.

"Baba."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kasha lilifika?"

"Lilifika."

"Vizuri." Alitazama dari. "Nimelala hapa nikawaza. Jumapili nilikuuliza. Ukasema plagi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mengi, juu ya hewa iliyojificha na asubuhi za baridi, juu ya ufa unaojifunga ukipoa. Yote yalikuwa kweli. Niliyatazama yakipita.

"Nilikuwa naongeza maji kila mara, kabla Mzee hajafika."

"Mara ngapi?"

"Mara saba."

Hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyehesabu upande wake na hesabu zikalingana. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Juu ya meza ndogo kulikuwa na jagi na glasi. Nikaona angalau hilo naweza. Nikamimina, nikaiinua shingo yake kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akiniinua mimi nikiwa na homa, nikampelekea glasi mdomoni.

Aliishika kabla haijamfikia. Akaigeuzia dirishani, akayatazama maji kwenye mwanga, akayatazama sana, kisha akairudisha mezani bila kunywa, polepole, asimwage hata tone.

Baada ya muda nyayo za nesi zikasikika mlangoni, na Shangazi akainua mkono wake, ambao sasa haukutetemeka hata kidogo.

"Nesi," akasema, akimtazama yeye, si mimi. "Mwanangu, nisaidie maji ya kunywa."